Unachati na rafiki, lakini pesa inapita kwingine

Kutuma pesa ndani ya programu ya kuchati kunafanana sana na kutuma picha. Unabonyeza alama ya kiambatisho, unachagua malipo, unaandika kiasi, unaweka namba ya siri, basi. Ulaini huo ndio unaowaponza watu. Ujumbe na pesa vinaonekana kwenye dirisha moja, ila kila kimoja kina njia yake. Ujumbe unapita kwenye seva za programu. Pesa inatoka kwenye akaunti au pochi yako na kuingia kwenye ya mwenzako, na programu ni tarishi tu aliyebeba agizo. Matatizo mengi huanzia pale dirisha linaposema hivi na akaunti inasema vile.

Kwanza jua programu yako ni ya aina gani. WeChat ya China ina pochi yake: ukitumiwa pesa inakaa humo kama salio, na ukitaka kuihamishia benki unakatwa asilimia 0.1 ukishamaliza kiwango chako cha bure cha yuan 1,000. WhatsApp nchini India haishiki hata rupia moja. Imepanda juu ya UPI, mfumo wa India wa kuhamisha pesa papo hapo kati ya benki, na pesa inatoka akaunti ya benki ya mtumaji moja kwa moja hadi akaunti ya benki ya mpokeaji. Tofauti hii ina maana siku muamala ukikwama. Penye pochi, unamuuliza mwenye programu. Pasipo pochi, majibu yako benki, na huduma kwa wateja ya programu itakurudisha hukohuko.

Ndiyo maana pia kitufe cha malipo kinaweza kuwepo kwenye simu ya mwenzako na kisiwepo kwenye yako, ingawa programu ni ileile. Ujumbe hauhitaji kibali cha benki kuu, pesa inahitaji. Brazil, WhatsApp ilizindua malipo Juni 2020, benki kuu ikayasimamisha ndani ya siku chache, na kutumiana pesa kukarudi Mei 2021. Huduma hizi pia huja na kuondoka: Snapchat ilianzisha Snapcash Novemba 2014 na kuifunga Agosti 2018. Kwa hiyo kama kitufe hukioni, usihangaike kushusha toleo la programu kutoka tovuti za vichochoroni. Mara nyingi nchi ya namba yako haijafunguliwa huduma hiyo, na hayo matoleo ya vichochoroni ndiyo yanayoiba namba za siri.

Kujisajili hukwama zaidi kwenye laini. Mifumo kama UPI huhakiki simu kwa kutuma meseji ya kawaida kimyakimya kutoka kwenye simu yako kwenda benki, ili benki ione kwamba laini iliyomo ndiyo ile uliyoisajili kwao. Kwenye simu ya laini mbili, ukichagua isiyo ya benki, usajili unagoma. Laini ikiwa haina salio la meseji, unagoma vilevile, hata kama una bando la intaneti la kumwaga. Na ukihamia simu mpya, chati zako zitarudi kutoka kwenye hifadhi lakini malipo utayasajili upya, kwa sababu yamefungwa kwenye simu na laini, hayakufungwa kwenye chati.

Hapa kuna mkanganyiko wa namba ambao unastahili kutulia nao. Kwenye WhatsApp yenye malipo ya UPI mtu anakuwa na namba tatu. Ya kwanza ni ile ya tarakimu 6 inayokuja kwa meseji unapofungua akaunti kwenye simu mpya. Ya pili ni ya tarakimu 6 pia, uliyoitunga mwenyewe kulinda akaunti kwa hatua ya pili. Ya tatu ni ya malipo, tarakimu 4 au 6, na hiyo ni ya benki. Ya kwanza ikimfikia tapeli, na hukuwasha ulinzi wa hatua ya pili, anaingia kwenye akaunti yako na kuanza kuwaomba pesa rafiki zako kwa jina lako. Ya tatu ikimfikia, anachofuata ni akaunti yako ya benki yenyewe. Basi usifanye ya pili na ya tatu zifanane kwa kuwa tu ni rahisi kukumbuka. Na ushike jambo moja: namba ya siri ya malipo hutumika kutoa pesa. Kupokea hakuihitaji. Anayekuambia "weka namba yako ya siri upokee" anakutega, na ukiiweka utakuwa umelipa wewe.

Sasa kutuma kwenyewe. Jina unaloliona juu ya chati ni jina uliloliandika wewe kwenye simu, au alilojipa mwenyewe. Jina la kuangalia ni lile linaloletwa na benki au pochi kwenye ukurasa wa kuthibitisha, kabla ya namba ya siri. Kama chati inasema "Kaka Mkubwa" na ukurasa wa kuthibitisha unaleta jina usilolijua, simama hapo. Sababu ya kawaida si utapeli hata kidogo: rafiki alibadilisha namba, kampuni ya simu ikaiuza upya, na leo inatumiwa na mtu mwingine, huku chati yenu ya zamani bado ipo palepale kwenye simu yako na vicheko vyake vyote. Kwa mtu ambaye hamjachati miezi mingi, au unayemtumia mara ya kwanza, tuma kiasi kidogo kabisa, umpigie akuambie kimeingia kiasi gani, ndipo umalizie.

Kwenye kundi kuwa mwangalifu maradufu, maana majina hugongana na vidole vina haraka. Bahasha nyekundu za WeChat, yaani zawadi za pesa, zilizoanza 2014, zimetengenezwa ziwe wazi kwa kundi: unaweka jumla na idadi ya bahasha, na wanaowahi kuzifungua ndio wanaopata. Bahasha moja ya kawaida haizidi yuan 200, na isiyofunguliwa ndani ya saa 24 hurudi kwa mtumaji. Uhamisho wa kawaida humo nao unasubiri mpokeaji aukubali ndani ya saa 24. Unaweza pia kuweka pesa ifike baada ya saa 2 au 24 badala ya papo hapo. Watu wachache wanaifungua mipangilio hiyo, na ni hasara yao.

Muamala ukikaa kwenye "inasubiri", kosa kubwa ni kutuma tena. Fungua salio la benki, usitegemee chati. Kama pesa haijatoka, subiri hadi programu iseme umeshindikana. Kama imetoka na mwenzako hajaiona, chukua namba ya muamala (ya UPI huwa tarakimu 12) na kuipeleka benki yako. Picha ya skrini haiwasaidii sana; wao wanatafuta kwa hiyo namba. Kufuta ujumbe hakurudishi pesa, na kumbloku mtu hakusimamishi malipo yaliyokwisha kutoka.

Picha ya skrini si uthibitisho upande wa pili pia. Mtu akikuonyesha kwamba "nimeshatuma", angalia akaunti yako, kwa sababu picha ya muamala huhaririwa kwa dakika chache. Rafiki akiomba pesa ghafla kwa maandishi tu, na hapokei simu, chukulia akaunti imetekwa mpaka usikie sauti yake, tena umpigie kwa laini ya kawaida, si ndani ya programu hiyohiyo. Uliza kitu mnachokijua nyinyi wawili ambacho hakimo kwenye chati, maana aliyeiteka akaunti huenda ana chati mbele yake. Na ukipokea pesa ya mtu usiyemjua anayelia kwamba amekosea namba, usimtumie muamala mpya. Pesa hiyo huenda imetoka kwenye kadi ya wizi: mwenye kadi akilalamika inarudishwa kwake, na ile uliyotuma wewe imekwenda moja kwa moja. Wajulishe benki au mwenye programu waurudishe muamala wenyewe.

La mwisho ni kisanduku cha maelezo unachojaza unapotuma pesa. Ujumbe wenu unaweza kuwa umefungwa kwa usimbaji fiche, usomwe na nyinyi wawili tu, lakini malipo hayafungwi hivyo, kwa kuwa benki lazima ione nani anamlipa nani na kiasi gani. Maelezo hayo huweza kusomwa na mifumo inayosaka utakatishaji wa pesa, na mifumo haijui utani. Andika "nauli" au "mchango wa zawadi", na mizaha uiache kwenye chati.