Nyuzi Nane Ndani ya Dakti

Juzi kitinda mimba wetu alirudi kutoka shule na swali: "Baba, ni kweli Nakuru maana yake ni mahali pa vumbi?" Nikamwambia ndivyo wazee wanavyosema, kwamba jina lilitoka kwa Wamaasai. Akaandika, akafunga daftari, akakimbilia nje. Mimi nikabaki mezani nikikumbuka vumbi lingine, jeupe, la mahindi.

Mwaka mmoja, kwenye kiwanda cha unga hapa Nakuru, nilikuwa nimepewa kazi ya kupanga mahali pa kuweka mashine ya kusafisha hewa kwenye dakti, yaani bomba la bati la kupitishia hewa. Hesabu nilikuwa nimemaliza. Dakti yenye upana wa sentimita 30, hewa ikienda mita 20 kwa sekunde ili unga usitulie njiani, hupitisha zaidi ya mita za ujazo 5,000 kwa saa. Nilikuwa nimekumbuka hata kwamba mji wetu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya sita, kwa hivyo feni haitatoa huku msukumo wote ulioandikwa kwenye karatasi zake. Sanduku la filta nililichora pale dakti inapomaliza kupinda kona, juu ya mashine ya kupakia. Palikuwa na nafasi.

Chini ya nafasi hiyo alifanya kazi mama mmoja, leso mdomoni, nyusi zimejaa unga. Alitutazama tukipima, akakohoa, kisha akaniuliza, "Kijana wangu, hiyo kitu itavuta sawasawa kweli? Maana hili bomba hulia upande mmoja tu." Alikuwa akiusikia unga ukigonga bati. Mimi nilikuwa nimepita hapo wiki nzima na sikuwa nimesikia kitu.

Jioni, usagaji ulipokwisha, fundi wa bati alitoboa tundu la ukubwa wa kiganja baada ya kona, akaliziba kwa plastiki angavu. Kabla ya kuliziba tulikuwa tumebandika ndani nyuzi nane za kushonea magunia, zimepangwa kutoka ukuta mmoja wa dakti hadi mwingine. Mama alikataa kwenda nyumbani. Akashika tochi. Feni ikawashwa.

Nyuzi za upande wa nje wa kona zilinyooka papo hapo, zikatetemeka kwa kasi hata macho hayakuweza kuzitenganisha. Za katikati zilipepea. Upande wa ndani, mbili zililegea zikaning'inia kana kwamba feni haijawashwa. Tukangoja. Ya mwisho ikajikunja polepole, ikainuka, ikageuka kuelekea hewa ilikotoka. Mama akasogeza tochi karibu zaidi. "Hii inarudi," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. Niliutazama uzi ule mpaka mwanga wa tochi ukaanza kufifia.

Ningeweka filta pale, nusu yake ingebeba mzigo wote na kuziba mapema, nguvu ya kuvuta ingepungua, na vumbi lingebaki kwa wapakiaji kama zamani. Nilichora upya. Sanduku likahamia nje ya ukuta, baada ya dakti kwenda moja kwa moja mita moja na nusu, na koni ya kuitawanya hewa kabla haijafika kwenye filta, na mlango mpana wa kutolea filta. Tena vumbi la unga ndani ya sanduku lililofungwa laweza kulipuka likipata cheche. Hilo nilifundishwa chuoni, na bado nilikuwa nimelichora juu ya kichwa cha mtu. Sijawahi kulizoea wazo hilo. Mwenye kiwanda alilalamikia bei ya bati, akakubali, na baada ya wiki kadhaa mashine ikaanza kazi.

Asubuhi ya kwanza mama alivua leso, akanusa hewa, akacheka. Kisha akakohoa. Aliendelea kukohoa hadi siku aliyostaafu, na kila nilipomsikia nilitamani kujua kikohozi hicho kilianza mwaka gani. Alikuwa amepakia unga pale miaka 14 kabla sijafika na ramani yangu. Zile nyuzi zilituchukua nusu saa.