Mabega ya Raundi ya Tatu

“Mama, si wanajua watapigwa usoni? Mbona wanashusha mikono?”

Mwanangu aliuliza hivyo juzi tukitazama pambano, mabondia wawili wameingia raundi za mwisho na glovu zimeteremka mpaka kifuani. Nilimwambia hawaishushi, inashuka yenyewe. Hakuridhika, na mimi nikabaki nikiikumbuka jioni ile ya sparingi, yaani pambano la mazoezi, na Kaka.

Raundi mbili za mwanzo hazina la kusimulia. Glovu zilikuwa za aunsi 16, karibu gramu 450 kila mkono kabla hazijanywa jasho. Raundi dakika tatu, mapumziko dakika moja, nguvu nusu. Kwenye begi la kupigia ngumi nilikuwa napiga raundi nyingi kuliko hizo bila taabu, na pushapu zilikuwa zinakwenda vizuri. Basi sikuwa na wasiwasi na mikono.

Dakika ya mwisho ya raundi ya tatu, bega la kushoto likawaka moto. Lilianzia mbele, chini kidogo ya mtulinga, likaenea mpaka ubavuni mwa mkono, kisha likafa ganzi. Nikaiona glovu yangu ikiondoka shavuni. Niliitazama inashuka na akili yote ikiiambia ipande. Kaka akarusha jabu, ngumi nyoofu ya mkono wa mbele, ikapita juu ya glovu, ikanigonga kwenye paji la uso. Nikapandisha mkono, ukafika kidevuni, ukarudi chini. Jabu nyingine. Nilikuwa nimesubiri Kocha apige kelele ya “mikono juu” kama makocha wote, lakini aliinama kwenye kamba akasema, “Fungua ngumi, binti! Fungua vidole, toa pumzi!”

Nikaviachia vidole ndani ya glovu. Viwiko nikaviacha vilale kwenye mbavu. Nikatoa pumzi kwa meno, ndefu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mabega yalikuwa yamepanda karibu na masikio tangu raundi ya kwanza. Yakashuka. Glovu zikarudi shavuni, kwa kuwa kiwiko kikikaa ubavuni kigasha husimama wima, na sehemu kubwa ya uzito wa mkono hubebwa na kiwiliwili badala ya bega. Kengele ikalia nikiwa bado nimesimama na gadi yangu, mikono ya kujikinga, mahali pake.

Msuli uliokazwa bila kuachiwa hubana mishipa ya damu iliyo ndani yake, hivyo damu haipiti vya kutosha kuuletea oksijeni. Ukiulegeza hata nusu sekunde, damu inapita. Bondia aliyezoea hukaza ngumi pale tu inapotua, kisha mkono unarudi ukiwa mlegevu. Mwenye hofu hukaza muda wote, hata asiporusha kitu. Ndiyo maana raundi za begi hazimwandai mtu moja kwa moja kwa sparingi: begi halirudishi ngumi, mwili unakuwa mtulivu, na kila ngumi inasimamishwa na begi lenyewe. Kwa mtu mwepesi wa kukwepa, ngumi nyingi zinapita hewani, na misuli ya nyuma ya bega ndiyo inayolazimika kuusimamisha mkono. Ngumi ya kukosa inachosha kuliko ya kupata. Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, bondia Muhammad Ali aliegemea kamba za ulingo akamwacha mpinzani wake George Foreman arushe ngumi nzito raundi baada ya raundi, nyingi zikaishia kwenye mikono na viwiko. Raundi ya 8 Foreman alikuwa amechoka, na Ali akamwangusha.

Baada ya jioni ile Kocha alibadilisha ratiba. Kazi ya mabega ikawa mara tatu kwa wiki, na siku moja ya kupumzika katikati, kwani bega lililochoka likipigishwa kazi tena kesho yake huanza kuzoea mkao mbaya. Tulianza na kuruka kamba raundi tatu, mikono ikizungushwa kwa kiwiko na kifundo, mabega chini. Halafu begi: sekunde 30 za ngumi nyoofu mfululizo, nyepesi, kisha sekunde 30 za kutembea ukirusha jabu moja moja, ukirudia mara tatu, raundi imekwisha. Mtu aanze na raundi mbili, aongeze moja kila baada ya wiki moja au mbili, akomee nne au tano.

Kinachoharibika hapo ni kimoja karibu kwa kila mtu. Anapiga kwa nguvu zote sekunde kumi za mwanzo, kiwiko kinafunguka nje, kifundo kinapinda, na anamaliza akisukuma begi. Mazoezi haya ni ya mwendo. Alama ya kusimama ni mkono kurudi kiunoni badala ya shavuni. Ukiona hivyo mara mbili mfululizo, punguza kasi au malizia raundi hapo.

Pushapu zilibaki, seti tatu za 15, viwiko karibu na mbavu. Lakini Kocha alidai kuvuta kuwe sawa na kusukuma: raba ya mazoezi ikinyooshwa mbele ya kifua mpaka mikono ifunguke, seti tatu za 15 hadi 20. Misuli ya nyuma ndiyo inayorudisha ngumi nyumbani, na ikiwa dhaifu bega zima linavutwa mbele. Kuungua kwa msuli ni kawaida. Maumivu makali juu ya bega unapoinua mkono kwa pembeni si kawaida. Hapo mtu aache ngumi na amwone mtaalamu.

Na kulikuwa na raundi za gadi tupu. Kitambaa kidogo kinawekwa chini ya kila kwapa, mwenzako anakugusa kwa ngumi nyepesi dakika tatu, nawe hurushi chochote, unazuia, unapumua, unalegeza vidole. Kitambaa kikianguka, kiwiko kimefunguka. Kwangu mimi zoezi hili linashinda mengine yote, na ndilo ninaloliona likirukwa zaidi.

Juu ya vyuma vidogo hatukuwahi kuelewana. Kaka alipiga shado, yaani ngumi za hewani bila mpinzani, na kilo moja kila mkono na akaapa kwamba ndiyo siri yake. Kocha aliruhusu nusu kilo tu, raundi moja, polepole, kwa hoja kwamba uzito unavuta mkono chini wakati ngumi inakwenda mbele, na ukirushwa kwa kasi unakivuta kiungo cha kiwiko. Kwenye begi alivikataza kabisa. Nilimfuata Kocha, na mikono ya Kaka haikushuka.

Wiki zilipopita niliweza kumaliza raundi zetu na Kaka glovu zikiwa shavuni, na nikaamini mabega yamepata pumzi. Kisha akaja bondia mgeni, mkono wa kushoto, simjui. Kabla raundi ya kwanza haijaisha mabega yalikuwa masikioni tena na moto ule ule umewaka mbele ya bega, ingawa misuli ilikuwa ile ile iliyofanya kazi yote ile. Sijaweza kutenganisha ni kiasi gani mikono ilikuwa imepata nguvu na ni kiasi gani nilikuwa nimeizoea tu ngumi ya Kaka. Kocha hakutaka hata kulijadili. Kuanzia wiki iliyofuata alinibadilishia mwenzangu wa sparingi kila Jumamosi, raundi ya kwanza jabu tupu kwa wote wawili, na yeye mwenyewe akisimama kwenye kona yangu akihesabu pumzi zangu kwa sauti.