Mbegu ya Kahawia

Siku ya kilele cha Nanenane, viwanja vya Nzuguni hufurika watu mpaka vumbi linakaa hewani kutwa nzima. Mwaka niliorudi Dodoma kutoka chuoni, mjomba aliniombea nafasi ya meza moja pembeni mwa banda la wakulima wa karanga kutoka Kongwa. Nilikuwa na deli la barafu, vikombe vya plastiki vyenye mifuniko, na kitindamlo cha aina moja tu.

Mapishi nilisomea Chuo cha Taifa cha Utalii, kampasi ya Bustani, Dar es Salaam. Niliporudi nyumbani Kikuyu, hapa hapa Dodoma, marafiki walidhani nitatafuta hoteli ya kuniajiri. Mimi nilishaamua. Asubuhi nilikaanga maandazi ya genge la mama, ndiyo yaliyokuwa yakininunulia gesi. Mchana nilijaribu mapishi yangu, na jioni niliwapelekea majirani waonje, nikarudi na maneno yao nikayaandika kwenye daftari pamoja na bei ya mayai, maziwa, vikombe na nauli ya bodaboda.

Kilichokuwa kinanikera ni hiki. Tangu Serikali ihamie Dodoma, kumbi za sherehe zimeota kila upande, lakini mwisho wa chakula unaletewa kipande cha keki ya vanila au saladi ya tikiti na papai. Na sisi tunakaa kwenye mkoa wa zabibu! Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Ubuyu upo, karanga zipo, asali ya Singida ipo jirani hapo. Nilitaka mgeni akila kitindamlo changu ajue ameketi Dodoma, hata akiwa amefumba macho.

Kwa hiyo nikatengeneza hivi: kastadi ya maziwa chini, juu yake mchuzi mzito wa zabibu nyekundu na ubuyu, na mwisho kashata ya karanga iliyopondwapondwa. Jelatini ya kugandishia sikuitaka, maana nyingi hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, na mteja Mwislamu ana haki ya kula bila wasiwasi. Unga wa ubuyu una pektini yake yenyewe, yaani kitu cha asili kwenye matunda kinachogandisha. Ukiukoroga kwenye juisi ya zabibu ikiwa motoni, mchuzi unakuwa mzito na unashika kijiko.

Kashata ndiyo iliyonifundisha mji wangu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wakati Dar ni 100. Sukari ambayo Dar nilikuwa naiepua ikifika nyuzi 150, hapa naiepua kwenye 146, la sivyo inaelekea kuungua. Nikazoea kuanza kazi kwa kutumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayotokota, nione yanasomaje, ndipo niguse sukari.

Basi, Nzuguni. Asubuhi biashara ilisuasua. Watu walisimama, wakauliza kama ni mtindi, wakapita. Wanafunzi wawili wakanunua kikombe kimoja wakagawana. Karibu na saa sita akaja mzee mmoja amevaa koti zito kwenye jua lile, mkononi ana shada la zabibu alilotoka nalo banda la jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo nyekundu ni nini?"

"Zabibu na ubuyu. Karibu uonje."

Alikula amesimama, polepole, mpaka akakwangua kikombe. Kisha akauliza zabibu nimezitoa wapi. Nikamwambia soko la Majengo.

"Ni tamu," akasema. "Ila zabibu yenyewe imekatwa mapema. Umeifunika kwa sukari."

Nilinyamaza, maana ni kweli kwamba sukari ndiyo iliyokuwa ikinila fedha nyingi kuliko kitu chochote kwenye daftari langu. Akachuma punje moja kwenye shada lake, akaiminya kwa kidole gumba, mbegu mbili zikadondokea kiganjani. Zilikuwa za kahawia, kavu. Akanipa moja niitafune. Ilivunjika kama karanga iliyokaangwa, bila uchungu. Nikafungua deli, nikatoa shada nililobakiza kwa ajili ya kupamba meza, nikaminya na mimi. Ya kwangu ilikuwa ya kijani, imeng'ang'ania nyama ya tunda, na nilipoiuma ulimi ulikauka.

"Embe utalifunika kwenye majani liive," akasema. "Zabibu ukishaikata, imekwisha hapo. Haiivi tena."

Nikamuuliza kwa nini basi wanazikata. Hakukwepa. Mnunuzi wa kiwandani anakuja na kipimo cha sukari, kwa hiyo kwa huyo wanasubiri. Mchuuzi wa sokoni hana kipimo, na mkulima ana ndege shambani na ada za watoto, basi akiona hela anakata. Alilieleza jambo hilo bila kumlaumu mtu, na mimi nililielewa vizuri kuliko somo lolote la ununuzi wa malighafi nililopata darasani.

Aliniambia shamba lake liko Mpunguzi, barabara ya Iringa, nije na ndoo na mkasi, nichague mwenyewe.

Wiki iliyofuata nikapanda daladala. Tulipita mstari kwa mstari, naminya punje moja kila mzabibu, nikiona mbegu ya kijani naruka. Nyumbani nilichemsha mchuzi ule, nikaanza na nusu ya sukari niliyoizoea. Nikaonja, nikaweka mwiko chini. Haikuhitaji nyingine. Nikafungua daftari, nikafuta bei ya kikombe, nikaandika 2,000 badala ya 2,500, na faida bado ilibaki ileile.

Niliwapelekea vikombe kule Mpunguzi. Mke wa mzee alikula chake akiwa amekaa kwenye kigoda, akauliza kama naweza kupika kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wake mwezi wa tisa. Aliagiza vikombe thelathini. Karanga nizisage laini, akasema, kwa sababu wapo wazee watakaokaa meza ya mbele ambao meno yao yamebaki machache, na hao ndio watakaokula kwanza.