Peso 300 kwa saa mbili za mpira

Jumamosi nimelipa peso 300 kucheza mpira. Si kiingilio cha kutazama, ni mchango wangu wa kukodi uwanja, saa mbili, nyasi bandia, timu tatu zinapokezana, kwa hiyo muda mwingine umekaa nje unavuja jasho la Manila. Zidisheni wenyewe kwa shilingi zetu, halafu mkumbuke kwamba Mwananyamala tulikuwa tunaweka matofali mawili huku na mawili kule, chandimu inaanza.

Hii nchi ni ya kikapu. Wamarekani waliuingiza mchezo huo mashuleni walipoitawala, na mwaka 1954 Wafilipino wakashika nafasi ya tatu duniani. Hawajaushusha tangu hapo. Mimi nikipita mtaani, swali ni moja: "Kuya (yaani kaka), unacheza kikapu?" Urefu na rangi vimeshawajibu. Inachosha, ndugu zangu.

Viwanja vikubwa vipo. Philippine Arena kule Bulacan, mali ya kanisa la Iglesia ni Cristo, unaingiza watu 55,000 chini ya paa moja, na Kombe la Dunia la Kikapu la 2023 lilifunguliwa hapo mbele ya watazamaji 38,115. Wenye mpira wetu tunaenda Rizal Memorial, katikati ya Manila, uliojengwa 1934. Bendi ya Beatles ilipiga hapo maonyesho mawili kwa siku moja mwaka 1966. Kulikuwa na mpango wa kuuachia wawekezaji, watu wakaupinga, na mwaka 2017 ukatangazwa alama ya kihistoria ya taifa. Nilikuwa jukwaani Julai 2022 wanawake wa Ufilipino walipoifunga Thailand 3-0 na kuchukua ubingwa wa Kusini Mashariki mwa Asia. Mwaka uliofuata wakaifunga New Zealand kwenye Kombe la Dunia. Siku ile nilipiga kelele kama niko Kwa Mkapa.

Lakini kinachonigusa kuliko hivyo vyote ni kiwanja cha barangay, yaani serikali ya mtaa. Sakafu ya zege, paa la mabati, goli mbili za kikapu, na jina la mwanasiasa limeandikwa kwa herufi kubwa kana kwamba hela ilitoka mfukoni mwake. Alfajiri akina mama wanacheza zumba. Saa nne watoto wanachanjwa. Jioni ligi ya mtaa, jezi zimechapwa majina mgongoni, wazee wanabishana na refa. Kuna misiba inayokaa hapo, na kuna mashindano ya urembo. Mikoani wakati wa mavuno nimekuta mpunga umeanikwa sakafu nzima, vijana wanaozoea kucheza hapo wameshika mafagio wanasaidia kuukusanya kabla ya mvua.

Kimbunga kilipotufikisha maji magotini, tulihamia hapo. Mama mmoja wa jirani, ambaye hatujawahi kuzidi salamu, alinigawia nusu ya mkeka wa mwanawe na bakuli la uji wa mchele wenye tangawizi. Hakuniuliza kama nimejiandikisha. Wa barangay walipokuja na orodha ya mchele wa msaada, yeye ndiye aliyewatajia jina langu.

Nikikumbuka viwanja vya wazi vya kwetu vilivyogeuka fremu za maduka na gereji, roho inaniuma. Mtaa wa maskini hapa, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, bado umeacha nafasi ya kiwanja, na hakuna anayethubutu kukigusa. Sisi tuna ardhi, na watoto wanacheza barabarani.

Sasa wadogo zangu mnaoniandikia kuhusu kuja kucheza soka la kulipwa: wakala akikuahidi klabu, mwambie akuonyeshe mkataba, na uliza nani analipia kibali cha kazi. Viza ya utalii si kibali. Nimewakuta vijana wa Afrika, wachezaji wazuri kweli, wamejazana chumba kimoja, wakala hapokei simu, wanaishi kwa posho za mechi za wikiendi. Mrefu mwenye kikapu ana njia ya vyuo, ila nafasi za wageni kwenye kila timu ni chache sana na utasoma kweli. Anayekuja kwa kazi nyingine, karibu, na viatu vya mpira aje navyo. Namba 46 hapa utazunguka maduka mpaka uchoke.