Nusu Chupa ya Soda

Jumamosi asubuhi nilikuwa kibarazani na kikombe changu cha chai ya tangawizi, akaja yule kijana anayetufyekea majani, mashine begani. Akavuta kamba mara tatu, ikakohoa, ikawaka. Moshi wa kibuluu ukaruka ukuta ukaniingia puani, na chai ikanishinda. Mke wangu akauliza, "Vipi tena?" Nikamwambia moshi unaniumiza macho. Si uongo sana.

Harufu ile ya petroli iliyochanganywa na oili vijana wengi hawaijui siku hizi. Pikipiki za leo, Boxer na wenzake, oili inakaa chini kivyake na petroli juu kivyake, na haikutani mpaka injini iwe mbovu. Kwenye tustroki, yaani injini ya mapigo mawili kama ya mashine ile, vinakwenda pamoja na kuungua pamoja. Kwangu mimi harufu hiyo ni Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, Februari 2010, Ami na ile kwadi.

Kwadi ni ile pikipiki ya magurudumu manne. Ilikuwa yangu na Shemeji, na visa vyake nimeshavisimulia. Ila habari ya injini sijawahi kuisema yote, wala hapa sijui kama nitaimaliza.

Tuliinunua Nungwi mwezi wa Novemba 2009, laki sita na nusu, nusu kwa nusu mimi na Shemeji, kwa mtu aliyekuwa akiwakodishia wageni na sasa anafunga biashara. Yamaha Blaster, injini ya cc 195, ya kupiga kiki. Kiti kimechanika, taa moja haipo. Muuzaji alisema imegoma "kidogo tu". Kiki ilikuwa haishuki hata uisimamie kwa miguu miwili. Shemeji akasema hiyo ni kutu. Kwa Shemeji kila kitu ni kutu, hata talaka.

Fundi wa kwanza, wa pikipiki za kawaida, alifungua juu ya silinda, akachungulia, akatukazia macho. "Valvu zake mmeziuza?" Tukaapa hatujauza kitu. Akaona tumeibiwa, akatuonea huruma na hakutudai hata senti. Tustroki haina valvu kule juu. Silinda yenyewe ina madirisha ubavuni, na pistoni ikipanda na kushuka ndiyo inayoyafunga na kuyafungua. Hayo alitueleza Ami baadaye, akicheka mpaka akashika mbavu.

Ami alikuwa fundi wa mashine za boti. Zaidi ya miaka 30 kazi yake ni kufungua mashine za wavuvi za nguvu farasi arobaini na za boti zinazovusha watu kwenda Tumbatu. Kwadi hajawahi hata kuipanda. Lakini aliingiza kidole ndani ya silinda, akakizungusha taratibu kama anayeonja asali, akakitoa akakinusa.

"Hii imekunywa petroli tupu, mwanangu."

Pampu ya kuchanganyia oili ilikuwa imeng'olewa zamani, kwa hiyo ilikuwa lazima oili ichanganywe kwa mkono kabla ya kutiwa kwenye tangi. Siku moja mtu akasahau, au hakuambiwa. Bila oili pistoni ikapata moto, aluminiamu yake ikayeyuka na kugandia kwenye chuma cha silinda kama ukoko wa ugali. Ndiyo kutu ya Shemeji.

Sasa, wale mliokuwapo Unguja mnaikumbuka tarehe 10 Desemba 2009. Hitilafu ya Fumba, pale waya wa umeme wa baharini unapoingilia kutoka bara, na kisiwa kizima kikazimika kwa miezi mitatu. Maji hakuna, barafu ya samaki hakuna. Kila duka likatoa kijenereta kidogo mlangoni, na vingi vyao ni tustroki hizi hizi. Mji mzima ukanuka moshi wa kwadi yetu kabla kwadi yenyewe haijawaka. Oili ya kuchanganyia ikapanda bei, kisha ikaanza kupatikana kwa kujuana. Ami alipata kazi ya vijenereta mpaka akawa anajificha msikitini apumzike.

Pistoni tuliitafuta sokoni Darajani, mjini, wapi. Ikatoka Maskati kwa binamu yangu, kule vijana wanachezea kwadi kwenye mchanga kila Ijumaa. Ikaja Januari ndani ya begi la mama mmoja, imeviringwa kwenye kanzu mbili: pistoni, ringi zake, pini na klipu mbili mpya ndani ya kikaratasi. Ilikuwa ya hamsini, yaani imezidi nusu milimita ile ya kiwandani ya milimita 66. Ami alikataa katakata silinda isichongwe mpaka pistoni iwe mkononi, maana kinachopimwa ni pistoni, ndipo silinda ikatwe kuifuata, na nafasi inayobaki kati yao haizidi unywele. Wachongaji wa mjini walikuwa wanatumia jenereta na bei ya dizeli wanakutupia wewe. Tukaisafirisha silinda kwa boti hadi Gerezani, Dar es Salaam, kwenye kikapu cha ukili, chini ya nazi. Ilirudi inang'aa ndani, ina michirizi ya kukingamana kama mkeka. Nilipitisha kidole humo mara ngapi sijui.

Na hapo ndipo tulipofika kwenye usiku ule.

Tulikuwa chini ya mti wa mkungu, uani kwa Ami. Injini imo kwenye fremu, imefunguliwa juu, konrodi, ule mkono unaobeba pistoni, imesimama katikati ya tumbo la injini kama shingo ya bata. Kandili tumeitundika mbali, hatua nne, kwa sababu kila kitu pale kilikuwa kimelowa petroli. Ami ameshavika pistoni kwenye konrodi, mshale wake umeelekea bomba la moshi. Amesukuma pini, ametia klipu ya kushoto. Kazi ya klipu hizo ni kuizuia pini isitoke ikaenda kukwangua silinda. Ni kijiwaya kigumu kilichokunjwa duara lisilofunga, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, na kinaingia kwenye mfereji mwembamba ndani ya tundu la pini.

Adhana ya Isha ikapigwa. Ami akanawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Hii nyengine tia wewe. Na kitambaa usikitoe."

Kitambaa kilikuwa kipande cha kanga kuukuu, kimesokomezwa kuzunguka konrodi kuziba mdomo wa tumbo. Nilijua kazi yake, nimeshaelezwa mara mbili. Nikashika koleo ya mdomo mrefu, nikabana klipu, nikaipeleka. Ikateleza. Nikaipeleka tena. Vidole vimejaa oili, jasho linanitiririka, mbu wamejaa kwenye shingo. Nikatafuta cha kujifutia. Kanzu mbili za Maskati zilikuwa pale pale kwenye kiti, safi, nikaona haya kuzichafua. Nikavuta kile kipande cha kanga. Mara moja tu, nifute, nirudishe.

Nilifuta. Sikurudisha kwanza. Nikaona vidole vimekauka, bora niitie sasa hivi kabla jasho halijarudi. Klipu ikaingia nusu, nusu nyengine imekataa, nikasukuma kwa dole gumba, ikaruka.

Nikasikia *tii*. Mlio mdogo, kama sindano ya cherehani imegonga sahani. Ulikuwa mlio wa chuma, siyo wa mchanga. Lakini fremu nayo ni chuma, na sufuria ya kuoshea spea ilikuwa chuma, na koleo iliyokuwa mkononi mwangu ilikuwa chuma. Sikuinua mguu, nisije nikaizika. Kijenereta cha jirani kikazimika muda ule ule, na kijiji kikawa kimya kama kinanisikiliza mimi. Nikainama juu ya tumbo la injini. Mle ndani palikuwa na giza na oili kidogo inayong'aa kwa mbali, na harufu hiyo hiyo.

Nikaenda nikaleta kandili. Ndiyo, juu ya petroli. Msiniulize.

Sikuona kitu. Nikarudisha kitambaa vizuri, nikakibana pembeni kama alivyokiacha yeye.

Ami aliporudi akauliza kwa mbali, "Tayari?"

"Mwanga hautoshi, Ami. Tumalizie asubuhi."

"Vyema," akasema. "Fundi anayejua pa kusimama ni nusu fundi."

Alfajiri nilikuwa pale kabla ya yeye kuamka. Nilikuwa na sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, nimeifunga kwenye waya. Nikaizamisha tumboni, nikaizungusha kila upande, ikatoka na unga wa chuma tu. Kisha nikachuja mchanga kwa ungo wa bi mkubwa. Nikapata klipu! Moja. Imechafuka. Nikaisugua kwa petroli ikang'aa. Ila siku mbili kabla nilikuwa nimezing'oa klipu za zamani na kuzitupa pale pale chini ya mkungu, na klipu kuukuu nayo ukiisugua kwa petroli inang'aa.

Dawa ilikuwa moja, na niliijua: kuing'oa injini nzima kwenye fremu, kuipindua, kuitikisa mpaka niridhike. Nusu siku ya kazi. Lakini wageni wa tamasha la muziki la Sauti za Busara walikuwa wameshaanza kupanda kaskazini, Shemeji ameshachukua pesa ya mtu kwa ajili ya Jumamosi, na kubwa kuliko yote, ingebidi nimwambie Ami kwamba nilitoa kitambaa.

Nikaitia ile klipu. Safari hii iliingia mara ya kwanza.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Ami alibana ringi kwa vidole vyake mwenyewe, akahakikisha ncha zake zimekaa kwenye kile kijipini cha mfereji, silinda ikashuka taratibu kama kofia. Petroli akachanganya kwa kipimo chake cha boti: nusu chupa ya soda kwa dumu la lita tano. Oili ikiwa ile ile ya boti, maana ndiyo aliyokuwa nayo, na ya pikipiki haikupatikana. Kiki ya kumi na moja ikawaka. Watoto wakatoka kila nyumba. Ami akakunja kikoi, akapanda, akaizungusha hadi bandarini na kurudi, uso umekauka kama anayepeleka posa. Alipoteremka akasema breki ni mbaya.

Ilifanya kazi wiki tatu. Tulirudisha laki mbili na kidogo. Kisha siku moja ikajifunga karibu na Kendwa ikiwa na mgeni wa Kitaliano, aliyeisukuma mwenyewe mpaka barabarani huku akicheka. Ilikuwa Machi, siku chache tu umeme umerudi, watu bado wanawasha taa mchana kwa furaha.

Tulifungua chini ya mkungu ule ule, safari hii mchana. Ami akatoa pistoni, akaiweka kwenye kiganja. Upande wa bomba la moshi ilikuwa imekwanguka kwa mistari mirefu. Na chini kabisa, kwenye sketi yake, upande wa pili, palikuwa na kijishimo, kama imeng'atwa na panya. Klipu zote mbili zilikuwa mahali pake. Ami alikuwa akitazama ile mistari. Mimi nilikuwa natazama kile kijishimo.

Aligeuza pistoni mara moja, akairudisha.

"Ni oili yangu," akasema. "Oili ya boti ni ya mashine inayopozwa na maji. Hii inapozwa na upepo, moto wake mwengine. Nilijua, nikasema itavumilia." Akanyamaza. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia mali yako."

Na mimi nikasema, "Hapana, Ami, usijali." Ndiyo maneno niliyosema. Usijali.

Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu oili, na alichosema ni kweli, ya boti haifai kwa injini inayopozwa na upepo. Kwa hiyo huenda ilikuwa oili kweli. Huenda mkwaruzo ule ni wake na kile kijishimo ni changu, na kipi kilitangulia hakuna wa kusema. Kuna wakati najiambia aliigeuza pistoni mara ile moja kwa sababu alikiona, na akachagua. Halafu najiambia macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu mwaka ule. Alifariki 2017. Nilikuwa mmoja wa walioshuka kaburini kumpokea, na hata pale, mkono wangu ukiwa chini ya mgongo wake, nilikuwa nafikiria kijiwaya.

Shemeji aliuza mabaki kwa wanunua vyuma chakavu. Pistoni niliomba mimi. Naiwekea kalamu, imo hapa mezani. Nimeielekeza mistari mbele.

Basi Jumamosi ile mashine ya kijana ikazimika katikati ya majani. Akavuta kamba, akavuta, haitaki. Nikatoka na kikombe mkononi.

"Unachanganya vipi?"

"Kwa macho tu, mzee."

"Nusu chupa ya soda kwa lita tano."

Akaniangalia vizuri, kama ananiona leo. "Umejifunzia wapi?"

"Kwa fundi wa boti."

Akacheka. "Sasa boti na majani wapi na wapi?"