Simu ya Saa Tatu Usiku

Umeme ulikatika Unguja tarehe 10 Disemba 2009, nami nilikuwa nimebakiwa na siku tano tu kufikia mwisho wa kupokewa maombi ya shahada ya uzamivu katika vyuo vikuu vinne vya Marekani nilivyokuwa nimevichagua. Hitilafu ilikuwa katika njia ya umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari mpaka Fumba. Mwaka uliotangulia tulikwisha kukaa gizani karibu mwezi mzima, kwa hivyo watu hawakutaharuki sana. Walitoa kandili zao uvunguni, wakazipangusa vioo, wakasema hata huu utapita. Haukupita mpaka Machi.

Wakati huo nilikuwa nikisomesha skuli ya sekondari na nikikaa na mama yangu ghorofa ya nne katika majumba ya Michenzani. Pampu za maji zinategemea umeme, na mabomba yalipokauka ikawa kila tone la kupikia na la kutawadhia linapanda ngazi ndani ya dumu, begani mwa mtu. Nayataja maji kwa sababu maelezo yangu ya nia ya masomo, yale ambayo vyuo huyasoma pengine kwa makini kuliko matokeo ya mitihani, niliyamaliza usiku kwa mwanga wa mshumaa, mikono ikiniuma kwa madumu. Niliandika juu ya Kikae, lahaja ya Makunduchi aliyozaliwa nayo bibi yangu mzaa mama. Nilitaka kuuchunguza mfumo wa vitenzi vyake, maana mimi niliyekulia Mjini, penye Kiunguja kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, nilikuwa nikimsikia bibi akisema na nikalazimika kumwomba arudie.

Mambo mengine yalikuwa yamekamilika, ingawa si kwa wepesi. Mtihani wa Kiingereza nilikuwa nimekwisha kuufanya. Ada za maombi zilitakiwa kulipwa kwa kadi ya benki ya aina ambayo mimi sikuwa nayo, nikamwomba ami yangu aliyeko Muscat anilipie. Alilipa zote nne, kisha akaniuliza kwa simu, bila ya ubaya, "Mwanangu, yaani hawa tunawapa pesa ili wapate kukukataa?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo naliona swali lake kuwa la haki. Barua tatu za kunipendekeza zilitakiwa zipandishwe kwenye mtandao na walimu wenyewe. Mmoja wao, mhadhiri wangu wa Dar es Salaam aliyekwisha kustaafu, aliiandika yake kwa mkono, na mjukuu wake ndiye aliyeichapa na kuituma.

Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba saa sita ya usiku wa tarehe 15 kwa saa za mashariki ya Marekani ni saa mbili ya asubuhi ya tarehe 16 kwetu. Masaa manane hayo ndiyo yaliyoniokoa. Jioni ya tarehe 15 nilikuwa katika duka la intaneti karibu na Darajani, ombi la mwisho limefika nusu, jenereta ikakohoa na kuzima kwa kuishiwa na mafuta. Mwenye duka alitufungia mlango, akaahidi kufungua saa kumi na mbili na nusu. Alifungua saa moja na robo. Nilipobonyeza kitufe cha kutuma ilikuwa saa mbili kasorobo, na nilikuwa na kipindi cha kwanza skuli, ambacho nilikikosa.

Baada ya hapo kazi yangu ikawa kungoja. Sikumwambia mtu isipokuwa mama na ami, kwani kwetu jambo halitangazwi kabla halijawa. Ajabu ya miezi ile ni kwamba kungoja kwangu kulikuwa na mahali pa kujificha. Mji mzima ulikuwa ukingoja. Ngazini, msikitini, sokoni, watu waliulizana, "Umekuja?" na kujibiana, "Bado, wanasema wiki ijayo." Shemeji yangu wa Chake Chake, ambako umeme ulikuwa wa jenereta zao wenyewe, alinipigia kunitania kwamba safari hii Pemba ndiko kwenye mji. Nami kila niliposikia "Umekuja?" moyo ulinipiga, kisha nikakumbuka kwamba haulizwi mwengine ila umeme.

Jibu la kwanza lilikuja katikati ya Februari: samahani, waombaji walikuwa wengi na wenye sifa. Nililisoma kwa dakika mbili nilizozilipia na nikatoka nje kwenye mngurumo wa jenereta za Darajani, ambao kwa mara ya kwanza niliushukuru.

Siku chache baadaye chuo kingine kiliandika kwamba profesa mmoja angependa kuzungumza nami kwa simu, saa tatu usiku kwa saa zetu. Nilikubali kabla ya kufikiri. Saa tatu usiku ndiyo saa ambayo jirani yetu, mtu mwema kabisa, huiwasha jenereta yake barazani ili watoto wasome na mama yake asikilize redio. Kelele yake ilikuwa haikuachii kusikia hata mtu wa chumba kimoja. Nilizunguka siku nzima nikitafuta pa kwenda, na kila penye mtandao wa simu pana jenereta. Mwisho nilimgongea.

"Jirani, samahani sana. Naomba uizime nusu saa tu. Ninapigiwa simu."

"Simu ya nini, mwalimu?"

Ikabidi niseme. Alinitazama, akenda kuizima papo hapo, kisha akapanda ghorofa ya juu na akashuka ya chini kuwaomba wengine. Mpaka simu ilipolia, upande wetu wote wa jengo ulikuwa kimya na gizani, na nje ya mlango wetu nilisikia miguu ya watoto waliokuja kumsikiliza mwalimu akisema Kizungu.

Profesa aliuliza maswali ya kawaida, kwa nini chuo chao, kwa nini sasa. Halafu akasema angependa kusikia Kikae chenyewe. Nikatamka sentensi moja ya bibi yangu, polepole na kwa sauti. Kutoka ukumbini, gizani, sauti ya kizee ikaijibu kwa Kikae hichohicho. Alikuwa mama yake jirani. Miaka yote ya kuamkiana ngazini sikupata kujua kwamba kwao ni Makunduchi, na yeye hakujua kwamba mimi ni mjukuu wa huko. Profesa akauliza huyo ni nani. Nikamwambia ni mtu wa kwanza nitakayemhoji katika utafiti wangu. Alicheka, lakini mimi sikuwa nikifanya mzaha.

Tangu usiku ule siri ikawa ya jengo zima. Umeme ulirudi mwezi wa Machi kwa vifijo vilivyosikika kutoka kila dirisha, na wiki ileile vyuo viwili vilinikataa kwa pamoja. Chuo cha profesa kiliniweka katika orodha ya akiba. Nilijifunza hapo kwamba tarehe 15 Aprili ndiyo siku ambayo wengi waliokubaliwa huko huwa wametakiwa kutoa jibu, na kwamba nafasi ya mtu wa akiba hutokana na mtu mwengine kuamua kwenda kwengine, mara nyingi dakika za mwisho. Ikawa sasa natumai nafasi ya mtu nisiyemjua, jambo lililonitia haya kidogo. Watu nao waliendelea kuniuliza ngazini, "Vipi mwalimu, imekuja?" na bibi wa Makunduchi hakuuliza, ila kila jioni alinifunza neno moja.

Tarehe 14 Aprili, saa tatu usiku tena, simu ililia. Kwa profesa ilikuwa saa nane mchana badala ya saa saba, kwa sababu Wamarekani walikuwa wamekwisha kusogeza saa zao mbele. Safari hii taa zilikuwa zikiwaka na televisheni ya jirani ilikuwa ikipiga kelele kwa mpira. Nilijibu kwa Kiingereza, nikasimama katikati ya ukumbi nikiwa nimeziba sikio moja, nikamwomba arudie alichokisema. Kabla hajarudia, nilisikia upande wa pili wa ukuta televisheni ikipunguzwa sauti, kisha ikazimwa kabisa.