Ala ya kifuani kwa bastola ya mawindo
Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo mimi, fundi ngozi wa Mombasa, sikuwahi kushonea silaha ya mawindo. Shemeji yangu aliyeko Marekani ndiye aliyenitwika kazi hiyo: bastola ya Ruger Super Blackhawk ya risasi za .44 Magnum, mtutu inchi 7.5, karibu kilo moja na nusu. Kiunoni ilimgonga paja kila akipanda mlima.

Ala ya kwanza niliikata kwa vipimo tu. Akaniambia bastola inachezacheza ndani. Hapo nikapeleka vipimo kwa mchongaji wa Changamwe, akanichongea kifani cha mti, mtutu na silinda (sehemu ya mviringo inayobeba risasi) bila mpini. Nikalowesha ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya muwati (iliyotengenezwa kwa kemikali ya kromu haishiki umbo), nikaifinya kwa vidole na mgongo wa kijiko mpaka umbo la silinda likajitokeza. Nikaianika kivulini, maana jua la hapa lingeikakamaza ikapasuka.

Mkanda nikaupitisha begani na mgongoni, bastola ikalala mshazari kifuani, mpini ukielekea mkono wa kulia, na utepe wa kuizuia isichomoke. Shemeji ameshapanda nayo milima miwili. Haichezi tena.